Wito na Mwitiko: Itikadi na Nafsi ya Mtu

Hapana mtu aliyechagua jina lake. Kabla mtoto hajazaliwa, wazee wamekwisha kumwekea jina la babu au la bibi, ukoo wake umekwisha kujulikana, na dini atakayofundishwa inamngojea mlangoni. Akiisha kuzaliwa huitwa kwa jina hilo siku baada ya siku, mpaka siku moja hugeuza shingo, na wazazi hufurahi kwa kuwa mtoto amejijua. Jambo hili ni dogo na la kila nyumba, hata si desturi ya watu kulitafakari. Walakini katika karne ya 20 mwanafalsafa mmoja wa Ufaransa, Louis Althusser, alilifanya tendo la kuita na kuitika kuwa ufunguo wa swali ambalo wafuasi wa Karl Marx walikuwa wamelihangaikia kwa miaka mingi: kwa nini watu wanaodhulumiwa na utaratibu wa jamii huutumikia utaratibu huo kwa hiari yao, asubuhi kwa asubuhi, pasipo kusukumwa na askari?

Swali hilo lina uzito kwa mwanafunzi wa fasihi kuliko linavyoonekana. Fasihi yote yahusu watu wanaotenda, na mhakiki hawezi kusema neno lenye maana juu ya tendo la mhusika asipojua kama mhusika ametenda kwa nafsi yake au ametendeshwa. Ikiwa mtu ni udongo tu mikononi mwa jamii, basi shujaa na mwoga ni sawa, na sifa na lawama hazina mahali. Ikiwa mtu ni huru kabisa, basi historia haina kazi, na mtumwa anayemsifu bwana wake ni mpumbavu na hakuna zaidi. Falsafa ya Marx iliahidi njia kati ya makosa hayo mawili. Yafaa kupima ahadi hiyo ilitimizwa kwa kadiri gani, na kipimo kilicho karibu ni lugha ya Kiswahili yenyewe, ambayo ina elimu kubwa juu ya kuita na kuitika.

Neno itikadi limetoka katika Kiarabu, na shina lake lina maana ya kufunga fundo: itikadi ni imani iliyofungwa moyoni isilegee. Neno kuitika ni la Kibantu, tena halina udugu na lile la kwanza, ingawa masikioni yafanana. Mfanano huo ni wa bahati, lakini ni bahati yenye manufaa, maana nadharia itakayopimwa hapa yaweza kuelezwa kwa maneno hayo mawili: fundo la moyoni hufungwa kwa kuitika.

Marx na rafiki yake Friedrich Engels walianza kulijibu swali hili mjini Brussels katika miaka ya 1845 na 1846, walipoandika mswada juu ya itikadi ya Kijerumani ambao haukupigwa chapa kwa ukamilifu mpaka mwaka 1932. Wakati huo wanafalsafa vijana wa Ujerumani walishikilia kwamba watu wamefungwa na mawazo yao, na kwamba mawazo yakibadilishwa minyororo itakatika. Marx na Engels waliipindua hoja hiyo. Walisema kwamba watu huanza kwa kula, kunywa, kuvaa na kujenga. Katika kufanya kazi hizo huingia katika uhusiano wao kwa wao, huyu ana shamba na yule ana mikono mitupu. Na kutokana na maisha hayo huzuka mawazo, sheria, dini na falsafa. Tabaka lenye mali ndilo lenye uwezo wa kueneza fikra zake, na kwa hiyo fikra zitawalazo zama fulani huwa ni za watawala wa zama hizo. Katika dibaji ya kitabu chake cha mwaka 1859 Marx alitumia mfano wa nyumba: uchumi ni msingi, sheria, siasa na itikadi ni jengo lililosimama juu yake.

Kama angeishia hapo, Marx angekuwa amesema tu kwamba matajiri huwadanganya maskini, jambo ambalo manabii na washairi walikuwa wamekwisha kulisema. Hoja yake ya ndani zaidi imo katika kitabu chake kikubwa juu ya mtaji, ambacho juzuu ya kwanza ilitolewa mwaka 1867. Humo aliwalinganisha watu watatu. Mkulima aliye chini ya kabaila hulima siku kadhaa katika konde lake na siku kadhaa katika shamba la bwana, na hana shaka ni siku zipi amefanya kazi bure. Mtumwa huonekana kana kwamba kazi yake yote ni ya bure, ingawa sehemu yake humrudia kwa njia ya chakula. Kibarua wa mshahara ni kinyume cha mtumwa: kazi yake yote huonekana imelipwa, ilhali kilichonunuliwa ni nguvu zake kwa siku nzima, na thamani anayoizalisha katika siku hiyo yapita thamani ya mshahara. Hapana mtu aliyeketi akautunga uongo huo. Tajiri mwenyewe huuamini. Umejitunga wenyewe katika kitendo cha kulipa, katika sarafu zinazohesabiwa mezani mwisho wa juma.

Fikra hii ni nzito kuliko ile ya kwanza, na kwa bahati mbaya wengi waliomfuata Marx waliiacha. Engels, katika barua aliyomwandikia Franz Mehring mwaka 1893, alitumia maneno ambayo kwa Kiswahili yaweza kusemwa ni fahamu ya uongo, na tangu hapo ikawa desturi kuidhania itikadi kuwa kitambaa kilichofungwa machoni. Kwa mujibu wa dhana hiyo kazi ya mwanamapinduzi ni nyepesi: akifungue kitambaa, na watu wataona. Lakini vitambaa vilifunguliwa kwa mamilioni ya vijitabu na mikutano, na bado watu hawakuona; au waliona, wakarudi kazini.

Mtu aliyelielewa tatizo hili kwa uchungu kupita wenzake ni Antonio Gramsci wa Italia. Aliwaona wafanyakazi wakivishika viwanda mwaka 1920, kisha akaiona nchi hiyo hiyo ikiangukia mikononi mwa Mussolini mwaka 1922. Alikamatwa mwaka 1926, na tangu mwaka 1929 hadi 1935, akiwa mfungwa na mgonjwa, alijaza madaftari ambayo yamekuwa hazina ya wasomi tangu kifo chake mwaka 1937. Gramsci alisema kwamba hakuna tabaka linalotawala kwa bakora peke yake. Hutawala kwa kupata ridhaa: walimu, mapadre, waandishi na wanasheria huyafanya matakwa ya wachache yaonekane kuwa busara ya wote. Na ile busara ya mazoea aliyo nayo mtu wa kawaida si ujinga mtupu. Ni mkusanyiko wa tabaka juu ya tabaka, methali za wazee, mafundisho ya dini, mabaki ya sayansi, na mbegu za hekima ya kweli aliyoipata kazini. Hapo Gramsci alimwachia mtu wa chini akiba fulani ya nafsi. Akiba hiyo ndiyo iliyopungua sana katika kazi ya Althusser.

Althusser alizaliwa Algeria mwaka 1918, akawa mateka wa vita nchini Ujerumani tangu mwaka 1940 hadi 1945, kisha akafundisha falsafa kwa miaka mingi katika chuo cha École normale supérieure mjini Paris. Makala yake mashuhuri juu ya itikadi na vyombo vya dola ilitolewa mwaka 1970, miaka miwili baada ya wanafunzi na wafanyakazi wa Ufaransa kutikisa serikali mwezi Mei 1968 bila ya kuiangusha. Humo alitofautisha vyombo vya namna mbili. Jeshi, polisi, mahakama na magereza hufanya kazi hasa kwa mabavu. Dini, shule, familia, vyama, magazeti na sanaa hufanya kazi hasa kwa itikadi. Katika zama za kale chombo kikuu cha itikadi kilikuwa kanisa. Katika zama za ubepari ni shule, ambayo huwachukua watoto wa matabaka yote tangu utotoni, kwa saa nyingi za kila siku, huwapa kusoma na kuhesabu, na pamoja na hayo huwapa adabu ya mahali kila mmoja atakapowekwa: huyu kutii, yule kuamuru, na wa tatu kueleza kwa nini inafaa iwe hivyo.

Mambo mawili katika makala hiyo yanastahili kukumbukwa. La kwanza ni kwamba itikadi haikai kichwani bali katika matendo. Althusser alimkumbusha Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, aliyesema kwa maana ya kwamba mtu apige magoti na kutikisa midomo kwa sala, na imani itamjia. Mwili hutangulia na moyo hufuata. La pili ni wito. Askari huita njiani, mpita njia hugeuka, na kwa kule kugeuka amekwisha kukiri kwamba ndiye aliyeitwa. Kugeuka huko humfanya awe kile ambacho kwa Kifaransa huitwa sujet, neno lenye maana mbili zinazogongana: mtendaji mwenye nafsi yake, na raia aliye chini ya mfalme. Hoja yote ya Althusser ni kwamba maana hizo mbili ni moja. Mtu hupewa nafsi ili aitumie katika kutii. Na kwa kuwa anatii kwa nafsi yake, hahitaji kusimamiwa. Mfano wake mkubwa aliutwaa katika kitabu cha Kutoka: Mungu alimwita Musa kwa jina, Musa akaitika, na kwa kuitika akawa mtumishi.

Mswahili hahitaji kwenda mbali kuyaelewa haya. Mtoto wa pwani aitwapo haruhusiwi kukaa kimya wala kujibu apendavyo. Mvulana hufundishwa kuitika naam, na msichana hufundishwa kuitika bee au abee. Na hivyo, kabla ya kujua kazi za wanaume na za wanawake, mtoto amekwisha kuutia ulimi wake katika upande mmoja wa nyumba. Hakuna hotuba iliyotolewa juu ya tofauti ya mume na mke. Kuna kuitwa tu, mara mia kwa siku, na anayekosea husahihishwa. Itikio jingine ni labeka, la mdogo kwa mkubwa, na zamani la mtumwa kwa bwana wake. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, na ndilo wanalolisema mahujaji katika safari ya Makka, wakimwitikia Mola wao. Basi neno lile lile lilisemwa mbele ya Mungu na mbele ya mwenye shamba. Pascal asingalipata ushahidi bora: mtumwa aliyeitika labeka tangu utoto hakuwa na haja ya kuhubiriwa kwamba utii wake una harufu ya ibada. Ulimi wake ulikuwa umemhubiria.

Ukoloni nao ulikuwa na wito wake. Mpishi mwenye wajukuu aliitwa boi katika nyumba ya tajiri wa Kizungu, na aliitika. Jambo kama hilo, kwa sura nyingine, lilielezwa mwaka 1952 na Frantz Fanon, daktari kutoka Martinique, miaka 18 kabla ya makala ya Althusser. Fanon alisimulia jinsi mtoto wa Kizungu alivyomwonyesha kwa kidole na kumwambia mama yake kwamba amemwona mtu mweusi naye anaogopa. Fanon alihisi mwili wake ukichukuliwa na kurudishwa kwake ukiwa umepakwa rangi na hadithi zisizo zake. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya masimulizi hayo na yale ya askari wa Althusser. Mpita njia wa Althusser hugeuka na mambo yamekwisha. Fanon aligeuka, akaumia, akakasirika, akaandika kitabu. Yaani wito ulimfikia, naye hakufanana nao. Katika nafasi hiyo kati ya jina aliloitwa mtu na mtu mwenyewe ndipo penye mgogoro, na Althusser alipapita haraka mno.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi kwa msomaji wa Kiswahili ni neno ndugu. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 juu ya ujamaa, Julius Nyerere alishikilia kwamba ujamaa ni tabia ya moyo, na kwamba Mwafrika wa jadi aliishi kama jamaa moja pasipo matabaka. Mfuasi wa Marx hana budi kuona kwamba hoja hiyo imeanza juu ya paa badala ya msingi. Walakini miaka mitano baadaye, katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, Nyerere na chama cha TANU hawakutegemea moyo peke yake. Waliwawekea viongozi masharti: asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hayo si mahubiri. Ni kuugusa msingi. Na pamoja na masharti hayo ulienea wito mpya. Waziri na mkulima, karani na mfagizi, wote waliitwa ndugu, katika mikutano, katika barua za serikali na redioni. Watu waliitika. Hapana shaka wako walioitika kwa midomo, lakini nadharia yenyewe yafundisha kwamba midomo haidharauliki: mfagizi anayemwita mkubwa wake ndugu kila asubuhi amepewa nafsi tofauti na ya yule aliyeitwa boi.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya Chama cha Mapinduzi, ilipokutana Zanzibar, ililegeza masharti ya viongozi, na wenye madaraka wakaruhusiwa mambo ambayo Arusha iliwakataza. Katika miaka iliyofuata neno mheshimiwa lilipanda juu, likajaa bungeni na nje ya bunge, na neno ndugu likashuka na kubaki katika shughuli za chama na katika matangazo. Hakuna sheria iliyolifuta. Lilidhoofika kwa sababu nyumba ya kupangisha ilikuwa imerudi, na mwenye nyumba na mpangaji ni vigumu kuitana ndugu kwa muda mrefu. Hapa Marx wa kale anamsahihisha Althusser: wito una nguvu ya kuumba watu, lakini hauwezi kuishi mbali na msingi uliouzaa. Na hapa pia Althusser anawasahihisha wale wanaomsoma Marx kwa haraka: kwa muda wa kizazi kimoja, wito huo ulifanya kazi ya kweli, na hata leo mzee aliyekulia ndani yake huona haya kuitwa mheshimiwa.

Katika historia hiyo hiyo kuna tukio linalowahusu wanafunzi wa chuo kikuu kuliko watu wengine. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake na ya wakubwa wa serikali. Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ubinafsi wa wasomi. Lakini likitazamwa kwa macho ya nadharia hii, laonekana kuwa mgongano wa miito miwili. Kwa miaka 12 na zaidi shule ya kikoloni na warithi wake walimwita kijana huyo msomi, mteule, mrithi wa kiti cha Mzungu aliyeondoka. Na aliitika vizuri, ndiyo maana alifika chuoni. Kisha taifa likamwita mtumishi. Alishindwa kuitika wito wa pili kwa sababu aliuitika wa kwanza kwa bidii mno. Hakuna aliyekuwa nje ya itikadi katika ugomvi ule, wala rais wala wanafunzi.

Basi kosa la Althusser si kusema kwamba wito hutuunda binadamu; ni kuzungumza kana kwamba mwitaji ni mmoja. Mtu huitwa na mama, na mwalimu, na tajiri, na imamu au padre, na chama, na wenzake wa kazini, na sauti hizo hazipatani. Jacques Rancière, aliyekuwa mwanafunzi wake, alimshtaki mwaka 1974 kwa kuwafanya watu wa chini kuwa vipofu wa milele wanaongoja mwanafalsafa awaongoze. Mwanahistoria wa Uingereza E. P. Thompson aliandika mwaka 1978 kwa hasira kubwa zaidi kwamba katika nadharia hiyo watu halisi, pamoja na uzoefu wao wa njaa na mgomo, wametoweka. Mashtaka hayo yamezidisha chumvi, lakini yana kiini cha haki.

Lipo jambo jingine, zito kuliko hoja za vitabuni. Mwezi Novemba 1980 Althusser, ambaye aliugua maradhi ya akili kwa miaka mingi, alimuua mkewe, Hélène Rytmann. Madaktari walisema hakuwa na akili timamu, na sheria ya Ufaransa ikaamua kwamba hapana kesi. Hakuitwa mbele ya hakimu. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1992, miaka miwili baada ya kifo chake, alilalamika kwamba kwa kutoitwa alinyimwa nafasi ya kujibu, akawa kama mtu aliyezikwa hai. Hélène hakupata nafasi yoyote ya kujibu, na hilo lisisahauliwe na yeyote anayesoma malalamiko hayo. Lakini malalamiko yenyewe yanafichua upande wa wito ambao makala ya mwaka 1970 haikuuona. Kuitwa si kufungwa tu. Kuitwa ni pia kupewa zamu ya kusema. Asiyeitwa na yeyote hana utumwa, lakini hana sauti pia.

Upande huo ulionekana mapema na mwandishi wa Kiswahili ambaye hakuwa mfuasi wa Marx. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, wakati Tanganyika ingali chini ya Uingereza. Nchi ya kitabu hicho ipo angani, na jina lake laeleza kinachoishikilia: inaelea kwa kuwa inasadikiwa. Methali yasema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Na Kusadikika imeundwa kwa majina. Majivuno, waziri mshtaki, ameitwa hivyo na ndivyo alivyo. Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, yaani kwa kuwafundisha watu namna ya kujibu wanapoitwa. Anaitwa barazani, na anaitika. Hakimbii wala hakatai mahakama. Kisha anaitumia zamu yake kuwataja wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyo hiyo pande zote, juu na chini, wakarudi na maarifa, wakatupwa gerezani. Karama hasimami nje ya itikadi ya Kusadikika. Anasema kwa maneno ya haki na ya utumishi ambayo watawala wenyewe huyatumia, na anawadai wayatimize. Jaribio hilo la kumrudishia mwitaji neno lake, likiwa zito kuliko alivyolitoa, ndilo nadharia ya Althusser isiloweza kulieleza, na ndilo lililotendeka kila mahali watawaliwa walipodai uhuru kwa kutumia vitabu vya watawala.

Mwandishi mwenyewe ni ushahidi. Shaaban Robert alitumikia serikali ya kikoloni kama karani kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alikuwa amepikwa na vyombo vile ambavyo Althusser angevihesabu kwa vidole: shule, ofisi, heshima ya kazi. Vyombo hivyo vilimpa kalamu ili ajaze madaftari ya serikali, naye alijaza, na jioni akaandika Kusadikika. Chombo hakijui matumizi yote ya kile kinachokitoa.

Hata hivyo yafaa kusema upungufu wa Kusadikika kwa uwazi ule ule. Karama hushinda kwa kuwa baraza limesadiki maneno yake. Wafungwa hufunguliwa kutoka juu. Hakuna mtu wa kawaida wa Kusadikika aliyejongea hatua moja, na kiti cha enzi kimebaki mahali pake. Ni ushindi wa jibu, si ushindi wa walioitika pamoja. Hatua hiyo ya pili ilitafutwa na Adam Shafi katika Kuli, riwaya ya mwaka 1979, inayomfuata Rashidi, mchukuzi wa bandarini Zanzibar, mpaka katika mgomo wa mwaka 1948. Neno kuli ni jina la dharau lililoletwa kutoka nje na kubandikwa juu ya mgongo wa mtu. Wachukuzi walipogoma hawakuwa wameondoa jina hilo. Walikuwa wameliitika wote kwa pamoja, na bandari ikasimama. Ndipo mwitaji alipogundua kwamba alikuwa amewakusanya kwa jina moja watu ambao hakuwataka wajuane.

Kutokana na haya hukumu yaweza kutolewa. Marx alikuwa na haki kwamba fikra za mtu zina mizizi katika kazi yake na katika mali ya mwingine. Gramsci alikuwa na haki kwamba utawala huishi kwa ridhaa, na kwamba busara ya mazoea ina mbegu zake. Althusser alikuwa na haki kwamba ridhaa hiyo hufungwa kwa vitendo vidogo vya kila siku, kwa kugeuka, kwa kupiga magoti, kwa kusema naam. Alikosea alipodhani kwamba fundo likiisha kufungwa halina ncha inayoning'inia. Mtu huitwa na wengi, huitikia kwa kinywa chake, na jibu lolote laweza kuwa refu kuliko alivyotaka aliyeita.

Kwa mhakiki wa fasihi funzo lake ni kazi ya kufanya. Anaposoma riwaya au tamthilia, asitosheke na kuuliza mhusika ni mwema au mwovu, wala tabaka lake ni lipi. Aulize mhusika huyu huitwa nani, na nani humwita. Hujibu kwa neno gani. Na ni wapi sauti mbili zinazomwita zimegongana hata akalazimika kuchagua. Hapo ndipo nafsi yake itakapoonekana. Na kwa kuwa chuo kikuu nacho ni chombo miongoni mwa vyombo, na jina la msomi ni wito miongoni mwa miito, mwanafunzi hatakosa kuulizwa swali hilo hilo, kwanza na vitabu, kisha na wale ambao kazi yao ndiyo iliyomlipia ada.